Mzigo wa Mtu Mmoja

Transfoma nilizipa kurasa tisa:
joto lake, mafuta yake,
mwaka zitakapoanza kuchoka.
Kila swichi kubwa nikaipa pacha,
moja ikilala nyingine iamke.
Chini kabisa ya jedwali, safu ya mwisho,
palipoandikwa *mwendeshaji*,
nikajaza: 1.
Nikafunga kompyuta, nikaenda kula.

Mwaka wa pili wakanirudisha Ubungo
nikae nyuma ya kiti chake
na saa ya kuhesabia sekunde,
nipime kazi ya zamu ya usiku.

Aliitwa Sikujua. Sikujua Mbonde, wa Kisiju.
Aliniona nimetulia juu ya jina, akacheka:
"Baba hakutarajia wawili. Mwenzangu ni Sikudhani."
Swichi zangu zina pacha ubavuni.
Pacha wake yuko Kisiju, anauza nazi.

Saa saba. Skrini zote kijani.
Niliandika: *dakika arobaini, hakuna kazi.*
Akasema bila kugeuka,
"Hapo nasikiliza. Andika."
Sikuandika.

Saa nane na dakika kumi na moja
mvua ilianzia Kinyerezi.
Laini ya Tabata ikakatika,
kengele.
Kisha Kigogo, kisha Buguruni,
kengele moja ikizaa saba,
zote nyekundu, zote kwa sauti ileile,
kama darasa zima linalojua jibu.
Simu ya kushoto: hospitali, Temeke, jenereta imegoma.
Simu ya kulia: mkubwa, anataka taarifa, ya maandishi.
Na juu ya nguzo Mabibo yupo fundi
anayengoja neno moja,
na neno lenyewe limo kinywani mwa mtu
mwenye kinywa kimoja.

Mimi nahesabu. Ndiyo kazi niliyotumwa.
Dakika nne, kengele sitini na mbili.
Mshika mawili, walisema, moja humponyoka;
wahenga waliishia mawili.
Mimi ndiye niliyefika sitini na mbili,
tena mchana, kwenye kiyoyozi.

Ndipo akafanya jambo ambalo mwongozo wangu
unalikataza kwa herufi nzito:
alibonyeza kitufe, akazinyamazisha zote.
Akafumba macho.
Sekunde sita. Nilizipima.
Akafumbua, akavuta redio:
"Mabibo, shuka. Shuka kwanza.
Ukifika chini niambie."

Kamati ilikaa siku tatu
juu ya zile sekunde sita.
Fundi aliyeshuka hakuitwa kutoa ushahidi.

Transfoma ikizidiwa hujikata yenyewe,
wala hakuna anayeitaka barua ya kujieleza.
Mtu akizidiwa hajikati.
Anaendelea kuitikia, *sawa, nimekupata,*
na ndani mwake tayari
mitaa mizima imo gizani.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nami kanda hilo nililiinua kwa kidole kimoja,
kwa kubonyeza tarakimu moja.

Sasa nachora upya.
Kengele zilizozaliwa na kengele nyingine
zitanyamaza mpaka ziulizwe.
Simu ya mkubwa nimeihamishia chumba cha pili,
ambako italia mpaka asubuhi ikipenda.
Nimeomba kiti kingine cha masika.
Hawajajibu; kiti, wanasema, kina mshahara.

Safu ya mwisho imekuwa ukurasa,
na ukurasa umeanza kumwagika:
*kusikiliza, dakika arobaini.*
*Kukumbuka nani yuko juu ya nguzo, muda wote.*
*Kufumba macho, sekunde sita.*
Pembeni mkaguzi ametia alama ya kuuliza,
kalamu nyekundu. Nimeiacha.

Palipoulizwa *chanzo cha mabadiliko*
niliandika jina lake la kwanza tu.
Mkaguzi alidhani naungama.
Hakukosea sana.