Silabi Moja

Bogna, mimi ni yule wa safu ya tatu, karibu na spika ya kushoto.
Sikio langu la upande huo ni zito tangu mwaka wa themanini na saba
na sijadai fidia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Viwanda vya nguo vya Łódź
vilikuwa bado vinanguruma, nanyi mkapiga bwaloni kwa wafanyakazi,
meza zimesukumwa ukutani, harufu ya kabichi haijatoka.
Uzi wa sita wa gitaa lako ulikatika wimbo wa kwanza,
na mji mzima haukuwa na duka lenye kuuza mwingine.
Ukacheka: "Tutaimba kwa zilizobaki."
Nikadhani ni mzaha. Kumbe ulikuwa unatusomea ratiba.

Wenzako waliandika juu ya tai, na alfajiri, na mabango.
Wewe ukaandika juu ya lifti mbovu:
mama anapanda ghorofa tisa na kilo kumi za viazi
na kila ghorofa anamsamehe mtu mmoja.
Ya nane anamsamehe mumewe.
Ya tisa hasemi ni nani. Gitaa linanyamaza,
ufunguo unazunguka mlangoni, basi.
Miaka thelathini na saba nausikiliza.
Kuna usiku nadhani ni Mungu.
Kuna usiku nadhani ni lifti.

Mimi mwokaji mikate, naingia kazini saa nne usiku.
Kaseti yako iliingia unga, ikaanza kuyumba,
na hata leo nikiusikia wimbo ule umenyooka
naona wamekukosea.

Wale wa bendi wametawanyika.
Zbyszko wa ngoma anauza matairi.
Gracjan wa besi alikwenda Chicago, akatuma kadi moja.
Kampuni ikataka ulainishe koo, usuke nywele, uimbe mapenzi;
ukajaribu, albamu moja. Ninayo. Nimeificha nyuma ya nyingine
kama picha ya rafiki aliyelewa harusini.
Sikukusamehe.
Halafu nikafika ghorofa ya saba, nikakusamehe.

Ukawa mwalimu wa muziki, watoto wa miaka minane na filimbi zao,
Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa unapakia amplifaya
kwenye gari la dada yako, unaendesha mwenyewe
hadi popote penye soketi ya umeme.

Sasa Novemba hii, Zgierz, ukumbi wa zimamoto.
Watu thelathini na mmoja. Niliwahesabu,
pamoja na mimi na mzimamoto wa zamu.
Una miaka sitini na nne, viungo vya vidole vimevimba,
sauti imeshuka hadi pale mlango wa ghala unapokwaruza sakafu.
Ukaimba ule wa kituo cha treni.
Miaka yote kiitikio kimesema *nitarudi*.
Safari hii ukasema *ningerudi*.

Silabi moja.
*Ta* ikashuka, *nge* ikapanda.
Hakuna aliyegeuka; mzimamoto alikuwa anatazama simu.
Mimi nilishika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili.
Maana ndani ya ile *nge* treni ilikuwa imeshaondoka,
na mama yako uliyemzika Machi alikuwa jukwaani pale na viazi vyake.

Nani anarekebisha wimbo watu waliokwisha kuununua,
walioulia, walioupa watoto wao jina lake?
Ningekuwa wewe ningeuacha hivyo hivyo, nikalale.
Wewe bado unaandika.

Sikuja kukusalimu. Ulikuwa umepiga magoti unakunja nyaya.
Niliacha mkate mweusi juu ya amplifaya, umefungwa kwa gazeti,
nikakimbilia tramu, chachu haimngoji mtu.
Njiani nilijaribu kuimba kwa *nge*.
Mdomo ukakataa, ukarudi kwenye *ta* kama punda anayeijua nyumba.

Nitajifunza.