Zambarau Nne za Kitaluni

Mvua ya Alhamisi ilifuta vibao.
Wino ulitiririka juu ya mifuko ya miche
na pale kitaluni, juu ya mto Mpanga,
zikabaki zambarau nne zisizo na jina,
na mnunuzi anafika Jumatatu
kutafuta jani la chai ya pu-er
(hulitamka kama mtu anayepoza uji),
chai ya kushindiliwa, duara kama chapati,
ikalazwa gizani miaka
hadi ukali wake uchoke wenyewe.

Mimi ni karani. Huandika ninachoambiwa.
Niliona rangi moja tu, nikasema:
"Abwoli, zote zambarau. Tuandike zambarau."

Kabahuma hakunijibu. Aligeukia kwenye mizani akaita,
"Abwoli!"
Wakageuka mpima majani, dereva wa trekta,
na paka.
"Watooro wote tunagawana majina ya heshima kumi na mawili,"
alisema, "na hatupotezani.
Huyu namjua kwa kikohozi, yule kwa deni.
Chuchumaa. Uso wa jani usiuamini. Geuza."

Wa kwanza: wekundu umeshuka mpaka kikonyoni,
umepita kwenye shina,
hata jani kuukuu la chini limelowa.
"Huu ni wa damu. Uweke kivulini, uhamishie Hoima,
utakuwa hivi hivi."

Wa pili: machipukizi mawili ya juu yanawaka,
jani la tatu linasitasita,
la tano kijani kama la jirani.
"Huu umevalia jua.
Kiangazi kikiisha, atavua."
Alisema *atavua*, kama anamsema mtu.
Nami nikaandika hivyo.

Wa tatu nilikuwa nimeupenda.
Rangi yake ilitanda kingoni kama michubuko,
imekolea kwenye majani ya chini,
na mche wenyewe mfupi, umetulia.
"Huu una njaa," alisema.
"Udongo wa kona ile hauna fosfati.
Kifungua mimba wangu alikuwa na nywele nyekundu.
Wageni walizisifu."
Hilo sikuliandika.

Wa nne, vipandikizi vyake alivikata ng'ambo ya uzio,
kwenye shamba lililoachwa miaka ya bunduki,
michai ikawa miti, ngedere wakahamia.
Chipukizi limechongoka, halina manyoya,
karibu jeusi; shina kijani.
Akaligeuza. Akaligeuza tena.
"Na huu?"
Akafuta mikono kwenye kanga.

Jumapili tulichemsha maji kwenye sigiri,
vikombe vinne vya bati, limau moja.
Wa kwanza ulitoa maji ya rangi ya majivu;
tone moja la limau, yakawa ya waridi
kama ufizi wa mtoto.
Wa pili uliona haya kidogo, ikapita.
Wa tatu ulikuwa na ladha ya karatasi.
Wa nne ulinikunja mdomo.
Ukakasi ukanishika fizi, ulimi ukawa wa mtu mwingine.
Niliweka kikombe chini, nikaanza kusuuza vingine,
na nilipokuwa nimeshausahau
utamu ukanirudia kooni
kama mtu aliyefuata ufunguo wake.
Nilimtazama Kabahuma. Naye alikuwa anameza
kitu kisichokuwepo.

Usiku nikachora vibao, safari hii kwa rangi ya mafuta.
*Ya damu. Ya jua.*
Wa tatu alikataa usiandikwe.
"Njaa si aina."
Kwa wa nne kalamu ilingoja.
"Andika Araali."
"Hilo si jina la chai."
"Wala lako si jina la karani."
"Mnunuzi akiuliza?"
"Anywe. Halafu asiseme neno kwa muda."

Jumatatu gari lilipopiga honi getini
nilitoka na daftari peke yangu.
Kabahuma alikuwa ameinama kwenye ile kona,
anailisha ile miche mifupi majivu ya mifupa,
mmoja mmoja,
kwa kijiko cha sukari.