Punje ya Mama

Kipande chenyewe ni kidogo kama punje ya mchele.
Daktari alikiinua ndani ya kichupa, kikaelea
katika maji yasiyo maji,
akasema: hiki kitasafiri.
Hadubini za Kampala zimekitazama, zikanyamaza.
Kitapanda ndege, kiende kwa wanaoweza kukiita jina.

Mama alicheka hadi mtandio ukamtoka begani.
"Mimi, Khemisa binti Rehani,
sijavuka hata Malaba,
leo nyama yangu inakwenda Ulaya bila mimi?
Wameivisha sweta?"

Tulirudi Bombo na karatasi.
Ugonjwa una herufi ishirini na tatu,
nimezihesabu usiku kwa kidole
kama mtoto wa darasa la kwanza.
Kinubi hakina neno lake. Kiganda hakina.
Kiswahili kinasema saratani, kisha kinakunja mikono,
maana hii ni saratani isiyo na wenzake,
humpata mmoja kati ya malaki.
"Basi ni bahati nasibu," akasema mjomba Fadulmula,
na akalijutia neno kabla halijatua.

Siku kumi na nne za kazi, walituambia.
Nimejifunza kwamba Jumamosi si siku.
Jumapili si siku.
Idi iliangukia Jumatano: kwetu si siku, kwao ni siku.
Punje ilikuwa kazini
sisi tukimega gurusa kwa mchuzi.

Simu nimeilaza kifuani. Inalia.
Kampuni inanipongeza, nimeshinda dakika tano.
Inalia. Dada Sadia, kutoka Arua: mmesikia lolote?
Inalia. Mtu amekosea namba, anatafuta mbuzi wa kununua.
Nilimshikilia huyo.
Nikamuuliza anataka mbuzi wa rangi gani, dume au jike,
kwa kuwa sauti yake haikuwa ya daktari
na ilikuwa na haraka ya mambo ya kawaida.

Mama anasuka.
Ukindu ameuloweka kwenye beseni,
zambarau, chungwa, mweusi,
anauzungusha kutoka katikati kwenda nje
kama walivyouzungusha bibi zake,
waliofika huku nyuma ya ngoma za majeshi ya watu wengine.
Sinia hili ni la harusi ya Sadia.
Harusi ni Desemba.
Mimi siitamki Desemba.
Yeye huitamka kila siku: Desemba, sindano inaingia,
Desemba, inatoka.

Majirani wana dawa. Nalwoga kaleta majani ya mstafeli,
shehe kaleta maji aliyoyasomea,
mke wa fundi baiskeli kaleta unga usio na jina.
Mama hupokea, hushukuru,
huvipanga kabatini kwa urefu.
"Waache wanipende wanavyojua."

Jana usiku nilimkuta jikoni, gizani,
ameshika ubavu wa kulia
kama anayemnyamazisha mtoto wa mwenzake.
Sikuwasha taa.
Nilisema, nimefuata maji.
Akasema, maji yapo.
Tukasimama hapo tukiulinda uongo wetu,
askari wawili wa zamu moja,
hakuna aliyekunywa.

Leo ni siku ya kumi na tatu, au ya kumi na tisa,
inategemea nani anahesabu.
Mama amesukuma sinia kando.
"Chukua kalamu. Waandikie hao watu.
Wakishamaliza kuitazama, wairudishe.
Nilizaliwa mzima,
sitaki kwenda nimepungua."

Nikafungua daftari. Mkono haukutulia,
nikajifanya natafuta ukurasa safi.
"Niandike kwa lugha gani, Mama? Hao ni wageni."

Akalowesha uzi kwa mate, akafikiri.

"Andika Kiswahili tu," akasema.
"Punje itawasomea."