Mlaji wa Jani Moja

Asubuhi Mtopanga, nyuma ya ukuta wangu,
Tembele nililopanga kulitia kwenye chungu,
Naliinua, na anga yapita, jua na wingu;
Mchicha hakuugusa, nani huyu mchaguzi?

Nikapindua majani, nikaona kinang'ara,
Dhahabu bila mizani, haijaona sonara;
Mbawakawa, mgongoni naiona yangu sura!
Jani moja tu halali, mengine kwake upuzi.

Wanawe nao hubeba mavi yao mkiani,
Mwavuli wa haba haba, chungu asije jirani.
Mwanakombo hana toba: "Nyunyiza, wangoja nini?"
Mmoja akaingia kibiriti cha Fauzi.

Alipotoka chuoni, akafungua kwa pupa:
Dhahabu haimo ndani, ganda rangi ya mfupa.
"Nani mwivi, bibi, nani?" ananiuliza, "Apa!"
Nilikosa la kusema, nikamwonyesha mizizi.

Jioni natia tui yale aliyobakiza,
Tumekula na adui, sahani tukamaliza.
Chupa ya dawa? Sijui wapi nimeipoteza.
Kesho tutagawa tena, yeye nami, chipukizi.