Daftari la Wote

Mwaka ule tulikuwa wawili, mimi na Murhula,
chumba kimoja Kadutu,
kompyuta moja iliyong'oka herufi N.
Daftari moja lilitosha.
Njia, lugha, sarafu, kodi,
vyote tulivisajili humo, juu kabisa ya msimbo,
pale ambapo mkono wowote unafika
bila kubisha hodi.

Sasa wateja ni kumi na mmoja.
Juzi duka la dawa la Mama Cibalonza
lilimdai mgonjwa dola elfu tatu za kwinini.
Bei ilikuwa ya faranga,
ila ghala la saruji la kule Nguba liliamka mapema
likaandika sarafu yake katika daftari la wote.
Mgonjwa alicheka hadi akakohoa.
Mimi sikucheka.

Majaribio yalikuwa yakininong'oneza siku nyingi:
moja moja, yote kijani;
pamoja, la tisa linakufa
kwa kosa alilolificha la nne.
Tulibadilisha mpangilio tu, tukaiita hiyo dawa.

Uani kwetu, nyumba sita, mita moja ya umeme.
Jirani akichomeka pasi, mimi natafuta mshumaa,
na kila mwezi ni ugomvi, nani kala uniti.
Mimi niliyekulia katika ugomvi huo
nimeujenga upya kwa vidole vyangu
nikauita ufundi.

Usiku huu umeme upo, basi nafumua.
Kila programu izaliwe na daftari lake,
ilishike mkononi,
na anayelihitaji apewe, asijichotee.
Vitendakazi mia mbili na saba vimezoea kuchota gizani.
Kila kimoja nakiwekea hoja mlangoni:
daftari gani?
Swali dogo. Limenila wiki tatu.

Murhula, siku hizi yuko Uvira, ananiandikia:
usilivunje jina la zamani, kuna watu wanaliegemea.
Nimeliacha, kama kibao cha duka lililohama:
ukiligusa linafanya kazi, ila linanung'unika,
linakuonyesha mlango mpya
na kukutajia toleo ambalo halitalikuta.

Saa tisa usiku nayachanga majaribio kama karata.
La tisa kabla ya la nne. La nne mwisho.
Kijani.
Siamini, narudia.
Kijani.

Umebaki mstari mmoja, wa Murhula, wa mwaka ule:
"kwa muda tu, kesho tutarekebisha."
Naufuta. Naurudisha. Nautazama.
Kidole kikiwa juu ya kitufe, giza.

Nyumba ya tatu kuna mtu anapiga pasi.