Tatu Ninazo Bado

Shangazi Kalunde aliingia kibandani kwangu Isevya
kununua vocha, akakuta meza imejaa maiti:
vifuniko wazi, matumbo ya kijani nje,
bisibisi mdomoni mwangu.
"Na hiki?" Akanyanyua kilicho kizito kuliko vyote,
rangi yake kama meno ya mvuta kiko.
Modemu, nikasema. Ya kale. Ya waya wa simu.

Kompyuta, Shangazi, haijui kusema.
Inajua ndiyo na siyo,
ndiyo siyo siyo ndiyo, usiku kucha.
Na waya wa simu haujui ndiyo wala siyo,
unajua sauti tu, ipandayo na ishukayo.
Hiki hukaa katikati.
Hupokea hesabu, huipigia mluzi;
mwenzake wa Dodoma husikia mluzi, huurudisha kuwa hesabu.
Kwenda hivyo, kurudi hivyo.

Akavuta kigoda.
"Na kabla ya kusemezana, husalimiana?"
Nikacheka, maana ndivyo.
Ule ukelele tuliouchukia posta, miaka ile ya foleni,
kama bati linaburutwa juu ya kokoto,
ulikuwa salamu tu.
Mwangaluka. Mwangaluka.
Wewe wasema haraka kiasi gani?
Mimi naweza hivi.
Leo waya umelowa, twende polepole.
Haya, twende.
Na neno likifika limevunjika, husema: rudia.
Hakina aibu ya kusema rudia.

"Basi kinafanya kazi yangu," akasema Shangazi,
aliyekaa miaka ishirini na sita kwenye benchi la Kitete
kati ya daktari mgeni kutoka Tanga
na mabibi wa Sikonge wasiojua Kiswahili.
"Kinalipwa ngapi?"

Nikamwonyesha ukoo wake.
Kale kama kidole gumba, kenye laini tumboni,
wanafunzi wa chuo hukaazimana mpaka kanapata moto.
Kile cha benki, waya wake unywele wa kioo,
hakipigi mluzi, hukonyeza: mwanga, giza, mwanga.
Cha misheni kina sungusungu wake juu ya paa,
sahani inayotazama mbinguni;
neno hupanda huko kwanza ndipo lishuke,
kwa hiyo anayekujibu huchelewa
kama mtu aliyeitwa akiwa kisimani.
Hata simu yako, Shangazi, ina kimoja ndani.
(Akaitoa kwenye pindo la kanga,
akaishika kwa vidole viwili.)
Na kipo nisichokipenda kwa kuwa hakiharibiki:
kimefungwa kwenye pampu ya maji, njia ya Igalula.
Saa tisa za usiku huamka,
hutuma tarakimu moja, kina cha maji,
hulala tena.
"Huyo mtu wa kazi," akasema.

Kisha akaniuliza, macho yake mlangoni:
"Daktari akisema neno lile. Lile lenyewe.
Kinalipitishaje?"
Kama lilivyo.
"Lote?"
Lote. Ikipotea hata herufi, kinaomba lirudiwe.

Akatikisa kichwa, taratibu,
kama anayeonja mboga ikakosa chumvi.
"Alikuja mwanamke na mwanawe mgongoni.
Daktari alisema sentensi nne.
Nikampa moja.
Nikamwambia, mama, nenda nyumbani,
karanga zako zimekomaa, kavune, mpe mtoto uji wa karanga.
Daktari akauliza, mbona fupi?
Nikasema, Kinyamwezi ni kifupi."

Kinyamwezi si kifupi.
Salamu peke yake humaliza nusu ya njia.

Akakwangua vocha kwa ukucha wa kidole gumba,
akapuliza vumbi la fedha likaangukia bisibisi zangu.
"Zile tatu," akasema, "ninazo bado."
Akatoka. Sikumrudishia chenji yake, nilisahau.

Kile kizito sikukitupa.
Jioni nilipozima taa ya kibanda,
vingine vilikuwa vinakonyeza rafuni, kijani, kijani,
vinapitisha kila kitu,
havibaki na kitu.