Hewa ya Watu Wawili

Bwana Oddgeir wa Idara ya Afya alifika saa nne,
theluji ya Aprili ikiwa bado imeng'ang'ania paa la zizi.
Akavua buti mlangoni, akavaa mifuko ya plastiki miguuni
kama mtu aingiaye chumba cha upasuaji,
nami nikaona haya kwa soksi zangu.

Fomu nilikwisha kuijaza kwa kalamu ya kuhesabia kondoo,
ile ya bluu isiyofutika kwa mvua.
Jina la biashara: Nyumba ya Hallbera, Bonde la Grjótá.
Vitanda: sita. Vyoo: viwili, kimoja kina kelele.
Idadi ya wakazi: hapo niliandika wawili,
nikakata, nikaandika mmoja,
na karani wa mjini akanirudishia:
fomu yenye mkato haipokelewi.
Nikaijaza upya. Mmoja. Safari hii mkono haukuteleza.

Oddgeir akaingiza kipimajoto katika friji, akangoja,
kimya chake kama cha mtu anayesali au anayedai.
Akapima maji ya bomba, akarudisha mkono upesi.
"Yataunguza mtoto," akasema. "Weka kizuizi."
"Tena yananuka yai," nikamwambia, "kabla hujauliza.
Yanatoka ardhini hivyo hivyo, hayakuomba kibali."
Hakucheka. Aliandika.

Mbwa, kuanzia leo, ni marufuku jikoni.
Gloppa amelala kizingitini,
pua upande wa haramu, mkia upande wa halali.

Kisha chumba cha kusini.
Akatoa utepe: urefu, upana, kimo,
akazidisha kwa midomo bila sauti.
"Hewa ya watu wawili," akasema. "Inatosha na kubaki."
Nikashika fremu ya mlango.
Hapa hapa Eyvindur alikaa ameegemea mito mitano,
vumbi la nyasi kavu la miaka arobaini limemziba kifua,
akivuta, akivuta,
kama anayemtoa kondoo katika shimo la theluji,
na hewa yote hii ya watu wawili, imemzunguka,
haikumtosha mmoja.
Sikusema. Fomu haina mstari wa hilo.
Nilisema, "Dirisha linafungukia nje,"
naye akalifungua, akalifunga, akatia alama ya vema.

Sampuli ya maji ya chemchemi ilirudi na aibu:
kondoo wangu wanachafua juu ya mdomo wa bomba,
wale wale niliowapa majina!
Wiki tatu nikausogeza uzio kupanda mlima, nguzo kwa nguzo,
nyundo mkono wa kushoto, maana wa kulia umetangulia kuzeeka.
Chupa ya pili ikawa safi. Nikalipa ada.
Nikapewa namba ya usajili, nikaipigilia mlangoni
palipokuwa na ndoano ya koti lake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Nimesoma kanuni zote, kurasa thelathini na moja:
mashuka yafuliwe kwa nyuzi sitini,
sabuni iwe ya maji, si ya mche,
ndoo ya taka iwe na kifuniko cha kukanyaga.
Mgeni ametajwa kila ukurasa.
Mwenyeji ametajwa kwenye faini.

Wa kwanza alikuja Juni, fundi wa piano kutoka Busan,
mrefu, mpole, akalala mapema, jua lenyewe halijalala.
Nilijinyoosha upande wa pili wa ukuta wa mbao
nikimsikia: ndani, nje. Ndani, nje.
Bila kukwama. Bila kudai.
Nikahesabu hadi mia mbili na kitu, kisha nikapotea,
mimi ambaye tangu Novemba sijaumaliza usiku hata mmoja.

Asubuhi akaondoka, kitanda amekitandika mwenyewe.
Katika daftari la wageni aliandika kwa herufi za uangalifu:
Chumba kina hewa nzuri sana.
Maji yananuka yai.